Kibaba cha Soya ya Zita

Miaka saba ya ndoa Zita hakuwa ameshika mimba, na katika kile kijiji kipya cha Ujamaa, njia ya Matai, nyumba zilipangwa mstari mmoja, kwa hiyo aibu ya mtu haikuwa na pa kujificha. Mama mkwe wake alikwisha kutaja jina la Rozina, msichana wa kuletwa awe mke wa pili, mara mbili mbele ya ugali. Padri angekasirika, ndiyo, lakini padri naye huchoka.

Basi siku Bwana Ambilikile, bwana shamba kutoka Mbeya, alipowaeleza wanawake kwamba soya na jamaa zake zina kitu kinachofanya kazi kama homoni ya kike, na kwamba kondoo wa nchi fulani waliwahi kuwa tasa kwa malisho ya aina hiyo, moyo wa Zita ulimruka. Yeye alikula soya asubuhi na jioni. Tena mbegu yake mumewe Oswaldi aliitoa Mbozi. Hakuna mwingine kijijini aliyelima mbegu hiyo.

"Kila nyumba ilete kibaba kimoja," alisema Ambilikile. "Maabara watawalisha panya majike wachanga, kisha wapime uzito wa mji wa mimba. Ukizidi, soya hiyo ni kali. Leteni ya kwenu ilivyo, hata mbovu. Mficha uchi hazai."

Wanawake walicheka. Zita hakucheka.

Alipofungua kihenge alikuta mvua imepenya na soya imeota ukungu. Ufipa mgeni hapewi kibovu, sembuse Serikali! Akapiga hodi kwa Dominika, mama wa watoto saba, akaazima kibaba cha soya safi, akakifunga na kuandikiwa jina lake juu. Ewe Zita! Alijipalia makaa kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa miezi mitano kila lori likinguruma alitoka nje kuangalia. Majibu yalipokuja, katibu wa kijiji, Kasimiri, aliyasoma mkutanoni: soya ya Zita na ya Dominika zina nguvu kiasi kimoja, tena kidogo.

"Dominika anakula hiyo hiyo na ana saba," mama mkwe alisema kwa sauti, asikike hadi nyuma. "Soya haina kosa."

Mkutano ulipovunjika Zita alimfuata Ambilikile, akamweleza yote.

"Lakini kwa nini, mama? Si niliwaambia?"

"Niliona aibu, Bwana."

Ambilikile alivua kofia, akakuna kichwa. "Nimehamishwa, naondoka na lori kesho. Lete ya kwako sasa hivi, nitaifikisha mwenyewe."

Zita alikimbia na kibaba mkononi. Alimkuta Oswaldi amechuchumaa, anakandika kihenge kwa udongo. Ndani kulikuwa kumefagiliwa, hata punje moja haikubaki.

"Baba, soya yangu iko wapi?"

"Ile iliyooza? Nimewamwagia nguruwe tangu juzi." Hakuinua macho. "Rozina anakuja Jumamosi na ulezi wake. Ulezi huo utawekwa wapi?"

Zita alisimama pale na kibaba chake kitupu. Kule barabarani Ambilikile alikuwa bado anangoja. Oswaldi akasema udongo umekauka, aletewe maji. Zita akaweka kibaba chini, akachukua mtungi, akaenda kisimani.