Mama wa Sinema ya Pili

Kila nipitapo kwa wauza asumini karibu na soko la Kariakoo, harufu yake hunirudisha katika ukumbi wa sinema, Jumapili alasiri, kwenye onyesho la wanawake pekee, ambako kila kichwa kilinukia maua hayo.

Sinema ya kwanza ya Kihindi niliiona na mama, naye alimlilia mama wa sinema ile kana kwamba ni ndugu yake. Ilipokuja sehemu ya pili, mama alikuwa ameshazikwa. Aliyenipeleka ni mke mpya wa baba. Nilikuwa na haja moja tu: kuuona tena uso ule uliomliza mama.

Taa zikazimwa. Akatokea mwanamke mwingine, amevaa sari ile ile ya kijani ya mama wa sinema ya kwanza. Hata waigizaji wenzake wote walikuwa wageni.

"Huyo siye!" akapaza sauti mama mmoja nyuma yetu. "Mwenyewe mmempeleka wapi?"

"Yuko foleni ya sukari, shoga!" akajibiwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi nililia. Mke wa baba akanifuta machozi kwa kiganja.

"Simtaki huyu," nikamwambia.

Akayarudisha macho yake kwenye pazia.

"Mwache tu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Naye kavishwa nguo za mwenziwe, akaambiwa aingie."

Khanga aliyojitanda ilikuwa ya mama. Baba ndiye aliyemtolea sandukuni.