Siku Ghala la Pamba Liliposhika Moto

Mwezi uliopita king'ora kililia ofisini kwetu, hapa Kalangalala mjini Geita. Tulikuwa tumeambiwa tangu asubuhi kwamba ni zoezi tu la moto, kwa hiyo wenzangu walishuka ngazi polepole, wengine na vikombe vya chai mkononi. Mimi nikajikuta nimeshika pindo la koti la mhasibu aliyenitangulia. Akageuka kunitazama. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na kumweleza sikuweza. Ngoja nikueleze wewe.

Nilikuwa darasa la tatu, miaka ya sabini, kijijini kwetu Shinyanga, upande wa Mwakitolyo. Watoto tulikuwa wengi kuliko madarasa, basi sisi arobaini tukapewa nusu ya ghala la pamba. Nusu nyingine ilijaa magunia mpaka karibu na bati. Sijapata darasa jingine lililonipendeza vile. Pamba ilinukia jua, na wakati wa mapumziko tulijitupa juu ya magunia mpaka nywele zikawa nyeupe kama za wazee. Bibi yangu, ndiye aliyenilea, alikuja kila siku na kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Aliketi nyuma kabisa ya darasa kukwepa upepo, akisubiri kengele ili auze.

Mwalimu wetu, msichana mwembamba aliyetoka chuoni mwaka uleule, aliiogopa ile pamba. Alituambia kwamba moshi hupanda juu na hewa hubaki chini. Kila Ijumaa alipiga makofi matatu, nasi tukalala sakafuni, kila mmoja akashika pindo la nguo ya mwenzake, tukatambaa hadi mlango mdogo wa ubavuni, kisha mbio hadi kwenye ua wa minyaa kuhesabiwa. Madaftari, viatu, chakula, vyote viachwe. Kwetu ulikuwa mchezo mtamu kuliko mpira. Bibi ndiye aliyeudharau. Alimwuliza mwalimu kwa nini anafundisha watoto kutambaa, jambo walilolijua kabla ya kuota meno.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, upepo mkali. Nje, mama aliyetupikia uji alikuwa amekoka moto kama kawaida, na cheche ikapenya chini ya mlango mkubwa hadi kwenye pamba. Hatukuona mwali. Tuliona ukungu mweupe, halafu mweusi, halafu hatukuonana tena. Nikasikia makofi matatu.

Hakuna aliyepiga kelele. Tulilala, tukashikana, tukatambaa kama tulivyozoea. Mwalimu alisimama mlangoni akivuta kila mkono uliojitokeza, macho yakimchuruzika, asimtambue yeyote. Mikono ilipokwisha akaita ndani mara mbili, hakuitikiwa, akaufunga mlango ili moto usipate upepo.

Niliposikia mlango ule ukifungwa ndipo nilipomkumbuka bibi. Nikainuka mbio. Mwalimu akanidaka mkono.

“Hakuna kurudi,” akasema.

“Bibi yangu yumo.”

Uso wake ulibadilika, lakini mkono hakuuachia. Aliniambia nikae, amalize kwanza kuhesabu. Akapita akigusa kichwa kimoja kimoja, sisi tukikohoa, nyuso nyeusi tii. Thelathini na tisa. Arobaini. Kisha kiganja chake kikatua juu ya kichwa kilichofungwa kanga.

“Arobaini na moja,” akasema taratibu, kama anayeuliza.

“Ndiye mimi, mwalimu,” bibi akajibu huku akihema. “Huyu mtoto wako wa mwisho ana mbio sana.”

Pindo la shati la yule mtoto lilikuwa bado limekunjwa ndani ya ngumi ya bibi, na tangu siku ile lilining'inia upande mmoja. Nilimrukia bibi nikilia na kucheka kwa pamoja. Wanaume walikuja na maji, mchanga na matawi mabichi. Mabati yalipinda, pamba nyingi ikateketea, na sisi tukasikia harufu ya matobolwa yakiungua humo ndani, tukayasikitikia kuliko madaftari. Sufuria ya uji ilisalimika. Tuliunywa vilevile na masizi yake, na bibi akapewa kikombe pamoja na wanafunzi. Alimwambia mwalimu wabeja, asante ya Kisukuma, mara nyingi mno.

Leo pale ghala liliposimama pana mashimo ya wachimba dhahabu. Mwalimu alihamishwa, sikumwona tena. Bibi aliishi miaka mingi akiisimulia siku ile, na kila mwaka moto uliongezeka ukubwa, naye akisogea mbele kidogo katika ule mstari, mpaka ikawa yeye ndiye aliyetangulia na kuwatoa watoto wote arobaini. Tuliokuwepo tulinyamaza na kutabasamu. Siku hizi tumebaki wachache. Juzi wajukuu wangu walinitaka niwasimulie, na nilipofika penye mstari, nikamweka bibi mbele.