Neno Duni kwenye Fomu

Binti yangu wa pili tulimwita Fundi kabla hajang'oa meno ya utoto. Alifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mezani, akaifunga tena, ikaimba. Skruu mbili zilibaki. Baba yake akamuuliza, "Na hizi?" Akajibu, "Hizo zilizidi, Baba." Redio ile iliimba miaka tisa.

Shule hakumaliza. Nilimtoa mimi mwenyewe baba yake alipofariki, akaenda kupiga pasi kwa dobi. Miaka ishirini na moja amesimama kwenye meza ileile, mpaka kiwiko cha kulia hakinyooki tena. Mumewe alikuja akaondoka, hata mwavuli hakuacha. Sasa tuko wawili, chumba na sebule, chini ya bati lisilo na dari. Saa saba mchana bati linalia kwa joto na mshumaa unajipinda wenyewe kwenye kabati. Jiko la mkaa liko mlangoni, kikohozi changu kiko ndani.

Ndipo ukaja mradi. Walisema watatuwekea dari ya kuzuia joto, jiko lisilo na moshi na taa za sola. Tena, kila nyumba itakayosaidiwa itatoa mtu mmoja afundishwe kufunga vitu hivyo, miezi mitatu, apewe cheti na kazi. Fundi ana miaka arobaini. Aliposikia hayo alisahau kijiko ndani ya chai.

"Mama, hii ni yangu," akasema. "Ikinipita hii, mtanizika na pasi mkononi."

Karani wa mradi alileta fomu Fundi akiwa kazini.

"Bibi, nikusomee nikujazie?"

"Kwani umeambiwa mimi kipofu?"

Nilisoma kisomo cha watu wazima, na cheti changu kiko ukutani, kila anayeingia anakiona. Nikajaza mwenyewe, kwa herufi kubwa, karani ananisubiri anapiga miayo. Swali la nne likauliza: Je, kaya yako ni ya kipato duni?

Duni naijua. Duni ni kitambaa kinachochuja rangi kwenye maji ya kwanza. Mimi nimemzika mume bila kuomba sanda, nimelea watoto watatu bila kugonga mlango wa mtu. Nikaandika HAPANA, nikaipigia mstari mara mbili. Karani akaikunja bila kuitazama, akaenda zake.

Fundi akaanza masomo. Kwa dobi aliaga vibaya, nitasema ukweli. Alimwambia, "Pasi yako ipige mwenyewe." Wiki sita alirudi nyumbani na chaki mfukoni. Alipanda juu ya meza akachora alama kwenye boriti zote za paa. "Dari itapita hapa. Waya utashukia hapa. Na hapa taa yako, Mama, usome bila kukodoa macho." Kiwiko nacho hakukilalamikia hata siku moja.

Wiki ya saba wakaguzi wakasoma fomu. Walimtoa darasani mbele ya wenzake, akavua kofia ngumu na mkanda wa vifaa, akaviweka juu ya kiti. Alifika nyumbani na nakala ya fomu, akaniwekea magotini.

"Mama, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Kwa nini?"

"Walituita duni."

Akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Kipato, Mama. Duni ni kipato, na mradi ni wa wenye kipato hicho tu. Hakuna aliyekutaja wewe."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwao. Mabenchi yote yalijaa watu. Nikasimama mbele ya karani yuleyule, nikamwambia, "Andika. Mimi duni. Nyumba yangu duni. Kikohozi changu duni. Mrudishe mwanangu darasani."

Watu wakanigeukia wote.

"Pole, Bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Orodha imeshafungwa. Nafasi amepewa mtu mwingine."

"Ifungue."

"Haifunguliwi hapa."

"Inafunguliwa wapi?"

Akatazama juu. Ofisi yao ilikuwa na dari.

Mwezi uliopita wenzake Fundi walikuja kufunga sola kwa jirani. Fundi akasimama nje, mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. Nikamwona anahesabu skruu kwa midomo. Mara akapiga kelele, "Dada, weka mpira kwanza! Bila mpira paa litavuja!"

Yule dada wa juu ya paa, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, akainama. "Nimekusikia, Fundi. Lakini nenda ndani, tafadhali. Msimamizi akikukuta hapa atanifokea mimi."

Akaingia ndani.

Dobi alimpokea tena, ila kwa masharti ya ulimi wake. "Haya mhandisi, pasi imepoa!" Wenzake wanacheka, naye anacheka nao. Nyumbani hacheki.

Jana alipanda mezani na kitambaa cha maji, akaanza kufuta zile alama za chaki.

"Ziache," nikamwambia.

"Za nini, Mama?"

Alifuta boriti moja baada ya nyingine, hata ile ya taa yangu. Kisha akashuka, akakamua kitambaa, akaniuliza kama nimekunywa dawa ya kikohozi.