Mudogo wangu kaninyang'anya watoto

Leo mudogo wangu Shabani kanifanya nikanuna mbele ya watoto. Mutaniambia wenyewe kama ni haki.

Hapa nyumbani mimi mukubwa, yule wanaita Yaya, njo natafsiria watoto wa jirani filamu za Kifaransa. Hiyo luga naijua, Shabani haijui.

Leo kanitangulia. Filamu ya ndugu wawili, mchezo wa uchawi umerusha nyumba yao kwenye nyota. Maneno yote anayabuni tu, na watoto wanacheka mpaka machozi. Kwangu hawajawahi kucheka hivyo.

Umeme ukakatika kabla ya mwisho.

Sasa njo watoto wakanigeukia, wanataka kujua mwisho. Nikawaambia ukweli, maana niliisha kuiona: wale ndugu wanarudi, na nyumba yao wanaikuta palepale, nzima.

Mutoto mumoja, yule aliyekimbia vita Nyunzu na mama yake, nyumba yao ikabaki inaungua, akaniangalia.

"Yaya, unadanganya. Shabani, sema wewe."