Nilivyoihama Timu ya Kibondo Bila Kuaga

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Bibi yako analijua hilo na amekwisha kunisamehe. Ni siku niliyosimama katikati ya uwanja wa Kibondo, nimevaa jezi ya Kasulu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze mzima, pamoja na urefu wangu wote.

Nakuambia leo kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu habari za wale majitu wa mpira wa kikapu wa ng'ambo. Mtu anasema timu yake haishindi, kwa hiyo anataka ahamishiwe kwenye timu inayoshinda. Ukacheka, ukasema, "Babu, huyu ana akili." Halafu asubuhi bibi yako akifagia akakuta begi chini ya kitanda chako, na viatu vya mazoezi ndani yake. Na najua kwamba timu ya wasichana ya Kasulu imekupigia simu. Usiniulize nimejuaje. Kibondo ni ndogo, na mimi ni mzee, sina kazi nyingine.

Basi kaa, nikupe yangu. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao tele.

Wakati nina umri kama wako nilikuwa mrefu kuliko milango ya nyumba zote za mtaa wetu, na paji la uso lilikuwa na alama za kuthibitisha. Mzee Sadoki, fundi baiskeli pale sokoni, ndiye aliyekuwa mlezi wa timu yetu. Sheria za mchezo hakuzijua sana. Refa akipuliza filimbi, Mzee Sadoki alikuwa anauliza, "Sasa kafanya nini huyo?" Lakini magoli yale mawili aliyatengeneza kwa mikono yake, kwa nondo na nguzo za mkaratusi, na mpira ukipasuka ndiye aliyeuziba kwa viraka vya baiskeli.

Sasa goli la upande wa bonde lilikuwa limeinamia kushoto. Si sana, kama kiganja kimoja tu. Mvua ilikula udongo chini ya nguzo, nguzo ikalala kidogo. Kwa macho huoni kitu. Lakini mimi nilikuwa nafanya mazoezi kwenye goli hilo kila siku, na mkono wangu ulilijua kama mdomo unavyojua njia ya ugali gizani. Nilikuwa narusha kutoka popote, unatumbukia. Watu walikuwa wanaacha kupima maharage sokoni waje kunitazama. Wenzangu walikuwa wanarusha, wanakosa, wanarusha, wanakosa. Nikajua basi, nyota ni mimi peke yangu na hawa wengine ni wa kujaza idadi.

Yoramu ndiye aliyekuwa ananipa pasi. Ndiyo, huyu huyu Babu Yoramu mwenye duka la mbegu. Alikuwa mfupi, ananifika hapa kifuani, lakini alikuwa ananipatia mpira mahali ambapo mimi mwenyewe sijajua bado kama nitafika. Mimi nilidhani mpira unanifuata kwa kunipenda.

Kila mwaka Kasulu walitufunga. Tukienda kucheza kwao hata mimi nilikosa, nikasema ni uchovu wa lori. Mwaka mmoja, baada ya kufungwa tena, nikakaa kitako nikawaza: nitashinda lini na watu hawa? Kocha wa Kasulu, mwalimu mmoja aliyeletwa kikazi kutoka pwani, alikuwa amekwisha kuninong'oneza kwamba jezi yangu ipo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini kijana wa umri ule huwa anawaona wahenga kama watu ambao hawakuwahi kucheza mpira wa kikapu.

Nikaondoka alfajiri juu ya lori la maharage. Mama nilimwambia nakwenda kumsalimu shangazi. Yoramu sikumwambia kitu. Mzee Sadoki sikumwambia kitu. Na wewe unajua kwetu Waha kuondoka ni jambo la watu wengi: unaaga nyumba kwa nyumba, unapewa maneno, unasindikizwa. Mwizi tu ndiye anayeondoka kama nilivyoondoka mimi.

Kasulu nilikuta timu ya wachezaji kumi na mmoja, na wote walikuwa nyota kutoka mahali fulani. Mmoja alitoka Muyama, mwingine Mabamba, kila mmoja aliihama timu yake kuja kushinda. Fahali wawili hawakai zizi moja, na pale zizini tulikuwa kumi na wawili. Hakuna aliyekuja kutoa pasi. Mtu akiupata mpira, wenzake waliona heri waketi wapumzike.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikapewa mpira. Nikarusha. Ukapita kushoto ya goli. Nikarusha tena, kushoto. Nikalaumu upepo. Nikalaumu viatu. Nikalaumu mpira, kwamba hauna viraka. Baada ya wiki mbili kocha akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole wa watu wa pwani, "Bwana mdogo, samahani, kule kwenu ulikuwa unafunga kwa kutumia nini?"

Nikawekwa benchi. Kazi yangu ikawa kutunza ndoo ya maji. Miezi saba, mwanangu, mimi ambaye watu waliacha maharage kwa ajili yangu, nikawa mtu wa ndoo. Hata hivyo Kasulu wakashinda mechi baada ya mechi, maana nyota kumi na mmoja si mchezo, na mimi nikajiambia kwamba ushindi ni ushindi hata ukiwa umeushikia kikombe cha maji.

Fainali ya mwaka ule ikapangwa Kibondo, dhidi ya timu yangu ya zamani. Zawadi ilikuwa kombe na beberu mmoja mweusi, ambaye alifungwa kando ya uwanja akitutazama wote kwa dharau. Uwanja ulijaa. Yoramu alikuwepo, akanipa mkono kama anavyompa mgeni, akaenda zake. Mzee Sadoki akanitazama toka kichwani hadi miguuni, na kwa urefu wangu hilo lilichukua muda.

Hadi mapumziko Kasulu tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na moja. Kipindi cha pili tulikuwa tunashambulia goli la upande wa bonde. Na hapo, mwanangu, shetani akanikumbusha kwamba nina elimu. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kocha, lile goli limeinama. Mrushe kiganja kimoja kushoto."

Kocha akalitazama. "Mbona naliona limenyooka?"

"Ndiyo tabia yake. Kwa macho halionekani. Mimi nimekua nalo."

Akaniamini. Akawaambia wote, na mimi nikaingizwa uwanjani kama mtaalamu. Kipindi kikaanza. Wa Muyama akarusha: kushoto, nje. Wa Mabamba akarusha: kushoto, nje. Nikasema waongeze kidogo kushoto. Wakaongeza. Mpira ukamwangukia mwanamke mmoja aliyekuja na kikapu cha viazi. Mimi nikarusha mara nne, na mara zote nne nilikosa kwa ufundi mkubwa. Mama mmoja pembeni akawatuliza watu waliokuwa wananizomea, "Mwacheni, huyo bado ni wetu. Hamuoni anavyotusaidia?"

Na wakati huo, vijana wale niliowaita wa kujaza idadi walikuwa wanafunga. Yoramu mfupi alikuwa anafunga. Mechi ikaisha, Kibondo imeshinda kwa pointi tatu, mara ya kwanza kuwafunga Kasulu tangu nizaliwe.

Wenzangu wa Kasulu wakasema nilitumwa. Nikaapa kwa jina la mama yangu, wakasema hata mama yangu wanamwona pale anashangilia, na ilikuwa kweli. Wakapanda lori lao wakaondoka na viatu vyangu vya Jumapili, mimi wakaniacha.

Nikalisogelea lile goli. Nikalizunguka. Mzee Sadoki akaja akasimama kando yangu.

"Tulilinyoosha wiki ile ile uliyoondoka," akasema.

"Sasa kwa nini hamkulinyoosha zamani, mzee?"

"Ulikataza."

Ndipo nikakumbuka. Miaka mitatu kabla, Mzee Sadoki alikuja na sululu na nyundo ainyooshe nguzo, na mimi nikamwambia akiigusa sichezi tena. Akaondoka na zana zake. Vijana wote waliridhia. Miaka mitatu walikuwa wanafanya mazoezi kwenye goli lililonyooka kwa mtu mmoja tu, wanakosa, wanachekwa na soko zima, ili mimi nifunge. Halafu nikawakimbia kwa sababu hawajui kufunga.

Sina maneno ya kukueleza aibu ile. Nilitaka kusema samahani, mzee akaniinulia kiganja.

"Kesho tunachinja beberu," akasema. "Wewe huwezi kula, maana hatujui kama upo au umeondoka. Mtu wa kwetu akiondoka huaga. Nenda kwanza ukaage."

"Nikaage niende wapi?"

"Kasulu. Si ndiko ulikokwenda?"

Nyumbani mama alinipokea kwa heshima zote. Akaniambia, "Karibu mgeni, za Kasulu," akanitandikia mkeka sebuleni, kitanda changu kikiwa chumbani vile vile.

Kesho yake, Jumapili, watu walipotoka kanisani, nikaanza. Nyumba kwa nyumba, wachezaji wote tisa, kuaga safari ya miezi saba iliyopita. Na salamu ya Kiha unaijua, haina haraka: unapiga makofi, unasema mwakeye, unaulizwa ya nyumbani, unaulizwa ya shamba, unaulizwa ya ng'ombe ambaye huna. Kisha nasema, "Nimekuja kuaga, nakwenda Kasulu kucheza mpira." Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Waliniaga kwa dhati, na hilo ndilo lililonimaliza. Nyumba ya kwanza walinipa mahindi ya kuchemsha ya njiani. Ya pili, karanga. Ya tatu wakanifanyia sala ndefu ya safari. Ya tano, bibi wa mchezaji mmoja alinikabidhi kuku nimpelekee dada yake Kasulu, na maelekezo ya nyumba yenyewe. Nilipojaribu kumweleza, akaniambia nisisahau kumpa kuku maji.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Yoramu. Nilisimama mlangoni na kuku kwapani. Nikamwambia nakwenda Kasulu. Akanitazama, mwanangu, na machoni mwake sikuona utani.

"Uliniacha nikusubiri uwanjani siku mbili," akasema. "Nilidhani unaumwa."

Akaingia ndani, nikajua urafiki wetu umeisha. Akatoka amevaa viatu. "Ngoja nikusindikize," akasema.

Tukatembea hadi stendi. Akanichukulia yale mahindi. Tukasimama pale kusubiri gari la Kasulu. Siku zile Jumapili hakukuwa na gari la Kasulu, mimi nalijua hilo, Yoramu analijua hilo, hata kuku nadhani alikuwa analijua. Tukasimama. Jua likatuchoma. Watu wakapita wakatusalimu, wakauliza tunangoja nini, Yoramu akawajibu, "Huyu anasafiri."

Baada ya saa nzima akatazama barabara upande ule, akaitazama upande huu, akajipangusa jasho.

"Gari halijaja," akasema. "Turudi tukale."

Nililia pale stendi, mwanangu, mtu mrefu vile, mbele ya watu. Sikuona haya wakati ule na sioni haya leo. Tukarudi, tukamrudishia bibi kuku wake, tukakuta wenzetu wametuwekea nyama. Nilipewa shingo, lakini nilipewa.

Sasa sikiliza, maana begi lako nimeliona. Sikuzuii kwenda. Kutafuta ushindi si dhambi, na mguu uliokaa hauoti mbawa. Kasulu wana timu nzuri, na pengine mahali pako ni huko kweli. Lakini kabla hujasema wenzako hawajui kucheza, wafuate uwaulize ni kitu gani wanakivumilia kwa ajili yako. Uliza kwa mdomo wako na usubiri jibu, hata likichelewa. Nyota haijui kwamba kiza kinachoizunguka ndicho kinachoifanya ionekane. Ukishajua hayo na bado unataka kwenda, nenda. Ila aga. Pita kila nyumba kwa miguu yako, usiwatumie watu ujumbe wa simu na vile vikatuni vya kulia. Atakayekununia, mwache akununie mbele yako, ni haki yake. Atakayekusindikiza, tembea naye polepole. Huko uendako utapata watu wa kukupigia makofi, wapo kila mahali. Wa kukupa pasi ni wachache, na wa kukusubiri uwanjani siku mbili huenda usipate mwingine.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu. Akulinde magoti, maana ya babu yako unayaona. Akupe ushindi usiokufanya uwadharau walioshindwa, na akikunyima ushindi, akupe wenzako wa kucheka nao njiani. Na siku utakayorudi hapa Kibondo, uwe umebeba kombe au umebeba aibu, ukute mlango wazi, na mtu ndani akisema chakula bado cha moto.