Ini la Wazee na Uji wa Bhoke

Mwanangu, siku ile dume la ng'ombe la baba mkwe lilipovunjika mguu mtoni naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa Matongo, kabla ya uhuru. Watu wote walilisikitikia dume. Mimi nilishukuru kimyakimya, maana lingechinjwa, nami nilihitaji ini.

Binti yangu Bhoke alikuwa ameshaanza kukaa, kisha akaacha. Viganja vilikuwa vyeupe, na akilia sauti ilitoka kama ameiazima. Kaka yake nilimzika akiwa hivyo hivyo. Tabibu wa dispensari alimfunua kope, akaniambia damu imepungua, uji wa muhogo mtupu haumfai. Nimpe ini, dagaa na mboga za majani.

Lakini kwetu Wakurya ini lilikuwa la wazee wa boma, na mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Mimi niliyebishana bei ya ulezi sokoni mpaka muuzaji aombe maji, siku hiyo nilibishana nikiwa nyuma ya ukuta, maneno yangu yakibebwa na mama mkwe.

Niliomba nusu. Jibu likarudi kwamba ini si la mtu asiye na meno. Mama mkwe hakungoja nimtume tena.

"Na wewe mzee, meno yako yako wapi?"

Wazee wenzake walicheka. Baba mkwe hakucheka. Aliagiza mtoto aletwe. Nikachungulia kwenye ufa: alimfunua kope, akaweka dole gumba lake juu ya kile kiganja cheupe. Ndiye aliyemchimbia kaburi kaka yake Bhoke.

"Mpeni lote," akasema. "Mimi sitaki kuchimba tena."

Kwa mara ya kwanza nilipewa zaidi ya nilichoomba. Nililichemsha, nikaliponda, nikachanganya na uji wa ulezi. Ini halipatikani kila siku, kwa hiyo baadaye nilisaga dagaa wa ziwani wakawa unga laini, nikatia humo humo. Bhoke alipona polepole sana. Mahindi yalipoanza kubeba, alisimama akishika sketi yangu.

Mwanangu, mtoto akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha, lakini ujue ziwa peke yake halimtoshi tena. Uji wake usiwe mtupu. Tia dagaa, maharage, mchicha, na ini likipatikana. Chungwa mpe, linasaidia chakula kuongeza damu; chai mnyime, inazuia. Siku hizi maduka ya Nyamongo yana unga ulioongezwa madini ya chuma. Soma mfuko kwanza, bei mtabishana baadaye. Akipauka viganja, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na nyama ikiiva, mdogo apakuliwe kabla ya wakubwa. Heshima yetu haitapungua.

Mungu akupe watoto wa kukuchosha kwa mbio zao. Wakuzike wao, wewe usimzike hata mmoja.