Mchezo wa Vita Mukuyuni Umekosa Refa

Leo nimecheza vita na Mutua mezani, na hakuna aliyeshinda.

Miaka ya themanini tulijaa kila Jumamosi nyuma ya kinu cha unga hapa Mukuyuni. Askari wa kuchonga, milima ya mchanga, mto wa kitambaa. Kisha wengine wakahamia Nairobi, wengine wakaokoka wakaambiwa ni dhambi.

Tumebaki wawili.

Leo Mutua alivusha kikosi mto, akataka kunipiga risasi zamu hiyo hiyo.

"Huwezi. Ukivuka, unangoja."

"Nani alikuambia? Wewe ni ripota tu, siku hizi unatunga sheria?"

Sheria hatukuziandika. Zilikuwa kichwani mwa Kimeu, refa wetu. Mkibishana, mnatoa mikono mezani na kunyamaza mpaka aseme.

Tukatoa mikono. Mazoea tu.

Tukanyamaza.

Kimeu tulimzika mwezi wa nne.

Mutua akaanza kurudisha askari kwenye kreti. "Heri nikakamue ng'ombe. Bila sheria ya mto sirudi, bwana."

Kama ulicheza nasi na unaikumbuka, andika hapa chini.

Sidhani uko.